Kutyuni pikipiki kwenye daino: masaa mangapi, pesa ngapi, na vile ya kujipanga ukiwa Mombasa

Hili swali naulizwa sana, na mara nyingi anayeuliza ashabadilisha silensa, ashatia ea klina ya kupitisha hewa nyingi, sasa pikipiki inalipua kila akiachia aksileta akiteremka Nyali Bridge, ndo anakuja: "Kaka, kutyuni kwenye daino ni pesa ngapi na inachukua muda gani?" Daino ni mashine ya kupima nguvu ya pikipiki ikiwa imefungwa mahali pamoja, na kutyuni ni kupanga upya mafuta yanayoingia kwenye injini. Nikikupa namba moja ntakuwa nimekudanganya. Pesa ya daino ni pesa ya masaa, na masaa yanategemea pikipiki imefika pale ikiwa katika hali gani. Ikifika nzima, nusu siku kazi imeisha. Ikifika na ugonjwa, hiyo nusu siku yote fundi anatafuta ugonjwa na wewe unalipa vile vile, alafu unarudi nyumbani bila tyuni.

Mimi nililipia hilo somo. Nilipeleka pikipiki yangu ya 600cc, silinda nne, nimeinunua mtumba, imekaa Bamburi nje kwenye upepo wa chumvi miaka miwili. Ikafungwa, ikapigwa vipimo vya kwanza, sensa ikasema mafuta ni machache sana. Fundi akaongeza mafuta, akapima, akaongeza tena, saa nzima na nusu ikapita hivyo, mpaka alipoinama na tochi akaona masizi meusi pale bomba la ekzosi linapoungana na injini. Gasketi ilikuwa imeliwa, hewa ya nje inaingia kwenye bomba na sensa inasoma hewa ile kana kwamba imetoka ndani ya injini. Kila alichokifanya kwa saa moja na nusu kikafutwa. Gasketi ya shilingi mia kadhaa. Ndo maana huu mwongozo nauanzia nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji kweli

Kama una Boxer ya 150 unabeba abiria Kisauni mpaka Kongowea, pikipiki iko vile ilivyotoka kiwandani, nakuomba usitumie pesa yako kwenye daino. Injini ile inatoa kama hosipawa 12, ata ukipandisha asilimia kumi, ambayo ni ngumu, umepata hosipawa moja na kitu. Hiyo pesa weka kwenye sevisi, plagi mpya, cheni na sproketi, kusafisha kabureta na kupima valvu, utaiona kwenye mafuta unayonunua kila jioni.

Daino inakufaa kama umebadilisha njia ya hewa kuingia au kutoka: ekzosi nzima kuanzia kwa injini, ea klina tofauti, kamu, pistoni kubwa, au umenunua pikipiki ya mtumba na mwenyewe wa kwanza aliweka vitu hujui vimepangwa vipi. Inakufaa pia kama pikipiki inakata katikati, yaani injini ikiwa mizunguko 4,000 mpaka 5,000 kwa dakika inasita kisha inaruka ghafla, na fundi wa mtaani ashaangalia kila kitu hakuna kibovu. Ukibadilisha silensa ya nyuma peke yake na bomba zingine ni za kiwandani, faida ya nguvu ni ndogo, mara nyingi hosipawa moja mpaka tatu, lakini tyuni inaweza kuifanya iende laini zaidi, na ulaini ule ndo utauhisi kwenye foleni ya Changamwe kuliko hizo hosipawa.

Hatua ya 2: Jua unalipia nini

Daino ya pikipiki ni pipa zito la chuma lililolazwa chini ya sakafu, tairi la nyuma linakaa juu yake, pikipiki inafungwa na mikanda mbele na nyuma. Uzito wa pipa unajulikana, kwa hivyo kompyuta ikiangalia pipa limeongeza kasi kwa haraka kiasi gani inajua tairi limetoa nguvu kiasi gani. Hapo pana aina mbili na tofauti yake ni pesa yako. Kuna daino ya pipa tupu, ambayo inapima tu pikipiki ikiwa inaongeza kasi, mara nyingi aksileta imefunguliwa yote mpaka mwisho, na kuna daino yenye breki ya sumaku ya umeme ambayo inaweza kuishikilia injini kwenye mizunguko 3,500 na aksileta robo, ikae hapo hapo sekunde kadhaa fundi asome mchanganyiko. Wewe barabarani huendeshi aksileta yote muda wote, kwa hivyo hii ya pili ndo inatyuni pikipiki unayoiendesha kweli, ile ya kwanza inatyuni ile ya kujisifia.

Kitu anachotafuta fundi ni uwiano wa hewa na petroli. Kwa petroli, kuchomeka kamili ni hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito. Nguvu nyingi hupatikana karibu na 13 kwa 1, yaani petroli imezidi kidogo, na ukienda pole pole unaweza kusogea juu kuelekea 14 ili usile mafuta. Sensa maalum, ile pana (wideband), inatiwa kwenye bomba la ekzosi na inasoma huo uwiano wakati injini inafanya kazi.

Sasa kwenye kompyuta ya pikipiki kuna jedwali, ndo hilo mafundi wanaita ramani, upande mmoja kiwango cha aksileta, upande mwingine mizunguko, na kila kisanduku kinasema mafuta yatolewe kiasi gani. Piga hesabu mwenyewe: aksileta imegawanywa mara 10, mizunguko mpaka 12,000 kila baada ya 250, hiyo ni safu 48, ukizidisha ni visanduku 480. Fundi hakai kwenye kila kimoja, programu inamsaidia kujaza vya katikati, lakini ukisikia mtu anasema atakutyunia "kamili" kwa nusu saa hebu jiulize amepita kwenye visanduku vingapi.

Hatua ya 3: Itengeneze kabla hujaipeleka

Hii ndo hatua yenye pesa, na ifanye wiki moja au mbili kabla, si jana yake usiku.

Anza na ekzosi. Sisi tunakaa baharini, chumvi inakula boliti na gasketi ambazo bara zingekaa miaka. Washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo wa silensa na kitambaa kinene sekunde chache, sikiliza kwenye maungio. Ukisikia tss-tss au ukiona masizi, hapo panavuja, badilisha gasketi. Boliti iliyoshika kutu usiilazimishe, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, ilale usiku mzima, manake ikikatikia kwa kichwa cha injini hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kisha umeme. Fungua soketi za sensa na za koili, ukiona rangi ya kijani kijani hiyo ni kutu ya shaba, safisha na dawa ya kusafisha umeme, tia grisi ya umeme, funga. Betri iwe nzima, pima ikiwa imezimwa, kama haifiki volti 12.6 ichaji au badilisha, manake injekta zinategemea volti kutoa mafuta sawa na ukityuni na betri inayokufa umetyuni ugonjwa wa betri.

Plagi mpya za namba ya kiwandani. Ea klina safi, na iwe ile ile utakayotumia, usije ukatyuni na ya kuazima. Oili mpya. Maji ya kupoza yajae na feni iwashe, kwa sababu kwenye daino hakuna upepo wa barabarani, kuna feni kubwa tu mbele, na injini itafanya kazi ngumu kuliko kitu chochote ulichowahi kuifanyia ukitoka Mtwapa kuja mjini.

Valvu. Watu wanaruka hapa kwa sababu ni kazi ya kufungua sana, lakini kama pikipiki ina kilomita nyingi na hujui mara ya mwisho zilipimwa lini, pima. Valvu iliyobana kwa upande wa ekzosi haifungi vizuri ikiwa moto, na hiyo hakuna ramani ya mafuta itakayoitibu. Kwa zile za silinda mbili au nne sawazisha pia milango ya hewa, iwe zote zinavuta sawa.

Klachi. Kama ukifungua aksileta gia ya nne mizunguko inapanda lakini pikipiki haiongezi kasi, klachi inateleza, na daino itaionyesha kwa mchoro uliochafuka juu kabisa, na fundi atakusimamisha hapo hapo. Cheni iwe na ulegevu unaotakiwa, ipakwe oili. Tairi la nyuma liwe na upepo sahihi na lisiwe na nyufa. Tairi inapata moto sana juu ya pipa, wengine wanakuja na tairi kuu kuu kwa hiyo kazi peke yake na ni akili nzuri kama unalo.

Ya mwisho hapa, tundu la sensa. Kama bomba lako halina tundu la kutosha sensa pana (uzi wake ni milimita 18 kwa 1.5) uliza mapema kama fundi atachomelea tundu, au ana bomba dogo la kunusia linaloingia kwa mdomo wa silensa. Kuchomelea siku yenyewe ni saa nyingine imeenda.

Hatua ya 4: Maswali ya kuuliza kwa simu kabla hujalipa chochote

Mpigie fundi, usitume meseji tu, sikiliza anavyojibu. Muulize: mashine ina breki au ni pipa tupu? Unachaji kwa saa au kwa kazi? Kwenye hiyo bei kuna vipimo vya kwanza, kufungua tanki na feringi (plastiki za kufunika injini), mafuta, ama hivyo ni kando? Ukikuta kitu kibovu unasimama uniulize au unaendelea na saa inahesabu? Ntapewa faili ya ramani na karatasi ya vipimo vya kabla na baada? Nikirudi baada ya mwezi nimebadilisha silensa, kurekebisha ni bei gani? Na ashawahi kutyuni pikipiki ya aina yako, manake anayetyuni magari na anayetyuni pikipiki si lazima wawe mtu mmoja, mashine za magari ni tofauti na kufunga pikipiki kunataka mkono uliozoea.

Fundi mzuri na yeye atakuuliza maswali. Atataka kujua ekzosi gani, ea klina gani, unaendesha wapi, peke yako au unabeba mtu. Akikubali kazi bila kuuliza kitu, mimi ningetafuta mwingine.

Hatua ya 5: Masaa

Kupima tu bila kutyuni, yaani puli tatu (kuivuta injini mpaka juu mara tatu) za kuangalia nguvu, ni nusu saa mpaka dakika 45. Puli yenyewe haifiki nusu dakika, muda unaenda kwenye kufunga, kupasha injini moto na kuiacha ipoe katikati.

Pikipiki ya injekta iliyo nzima, tyuni kamili, weka masaa mawili mpaka manne. Ya silinda mbili ambayo kila silinda inatyuniwa peke yake, ongeza. Kama fundi anaandika ramani moja kwa moja ndani ya kompyuta ya pikipiki badala ya kutumia kisanduku cha pembeni (kifaa cha umeme kinachoongezwa ili kuongoza mafuta), kila badiliko linabidi lipakiwe upya, dakika moja au mbili tatu kila mara, ikijirudia mara kumi na tano ni muda huo.

Kabureta ni habari nyingine, na hapa wengi wanashtuka. Hakuna kubonyeza laptopu, kila badiliko ni kufungua. Jeti ni vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli: jeti kubwa inashika aksileta yote, sindano inashika katikati, jeti ndogo inashika chini. Kwenye pikipiki ya silinda nne ya kabureta, kufikia kabureta ni kutoa tanki, kutoa sanduku la ea klina, kuvuta kabureta zote nne, kubadilisha jeti nne, kurudisha, kupima, na ukikosea unarudia. Nusu siku ikienda vizuri, siku nzima ndo kawaida. Njoo na jeti zako za namba tofauti tofauti, usitegemee fundi kuwa nazo, manake ukikosa jeti moja pikipiki inashuka kwenye mashine na siku imeisha.

Hatua ya 6: Pesa

Kwa kukupa kipimo, Marekani ambako hizi mashine ni nyingi, kupima tu ni kama dola 50 mpaka 100, na tyuni kamili ya injekta mara nyingi inacheza dola 300 mpaka 500 ufundi peke yake. Kisanduku cha kuongoza mafuta kama Power Commander ni dola mia tatu na kitu mpaka mia nne na kitu. Tukichukua dola kwa shilingi kama 130, kisanduku cha dola 400 ni shilingi 52,000 kabla hujalipa usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kama pikipiki yako inakubali kuandikwa kompyuta yake moja kwa moja unaweza kukwepa kununua kisanduku, unalipia leseni ya programu, kwa hivyo uliza hilo kwanza kabla hujaagiza chochote kutoka nje.

Sasa piga hesabu yako kwa mfano, weka namba utakazopewa wewe. Tuseme fundi anachaji shilingi 8,000 kwa saa na kazi ni masaa matatu na nusu, hiyo ni 28,000. Sevisi ya kuitayarisha, oili, plagi, gasketi, tuseme 15,000, lakini hiyo ungeifanya tu ata bila daino. Kuchomelea tundu la sensa, kidogo. Mafuta ya kuchoma kwenye mashine, fika na tanki limejaa, na yawe mafuta ya stesheni unayotumia kila siku, usijaze mafuta ya bei ghali siku hiyo alafu kesho urudi kwa ya kawaida, umetyuni kitu hutakitumia. Sasa ukifika na gasketi inayovuja kama mimi, saa moja na nusu kwa 8,000 ni shilingi 12,000 imeungua, na bado hujanunua gasketi.

Kama mashine unayoenda iko Nairobi, ongeza barabara. Ni kama kilomita 485 kwenda, kwenda na kurudi 970. Pikipiki ya kula lita moja kwa kilomita 20 itataka lita 48 na nusu, kwa mfano wa shilingi 180 kwa lita hiyo ni 8,730. Bei EPRA, mamlaka ya nishati, wanaibadilisha katikati ya kila mwezi, angalia ya wakati wako. Ongeza chumba cha kulala siku moja, manake usipande usiku Mtito Andei mpaka Emali na malori yale alafu asubuhi ukafikiria kusimama kwenye mashine. Fika jana yake mchana, ulale, pikipiki ipoe, uikague tairi na cheni.

Weka pia akiba, robo ya hesabu yote, kwa kitu kitakachoonekana pale. Ukikosa hiyo robo, subiri mwezi mwingine, ni afadhali kuliko kutyuniwa nusu.

Hatua ya 7: Mwambie fundi unakaa baharini

Hapa nawaomba msome pole pole, kwa sababu hapa pikipiki za watu wa Pwani zinaweza kuharibika kabisa.

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa huko uko chini kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hapa. Injini inavuta hewa kidogo, inatoa nguvu kidogo, hiyo kila aliyepanda na pikipiki kutoka huku ashaihisi. Kabureta haijui imepanda mlima, inaendelea kutoa petroli karibu ile ile, kwa hivyo ukifika Nairobi na pikipiki ya kabureta iliyopangwa Mombasa, mafuta yanazidi. Fundi wa huko atafanya nini? Atapunguza jeti mpaka iwe sawa, na atakuwa amefanya kazi yake vizuri kabisa, kwa Nairobi.

Alafu wewe unateremka. Voi hewa imeanza kuwa nzito, Mazeras ushafika karibu na bahari, hewa imejaa na jeti ni ndogo. Sasa mafuta ni machache, injini inachoma moto kupita kiasi, na ukiwa umefungua aksileta muda mrefu kwenye barabara iliyonyooka unaweza kutoboa pistoni. Na ikiwa hivyo huhisi mapema, mara nyingi inaenda tu vizuri kidogo, inakuwa nyepesi, mpaka inakuacha. Kwa hivyo kama ni kabureta ushauri wangu ni itengenezwe huku huku usawa wa bahari, ata kama ni na fundi mwenye sensa pana ya kubeba tu, bila pipa. Kama ni lazima uende bara, rudi na jeti kubwa zaidi na uangalie plagi ukifika.

Pikipiki ya injekta nyingi zina sensa ya mgandamizo wa hewa na zinajirekebisha zenyewe, kwa hivyo ramani iliyoandikwa Nairobi inaweza kushuka nayo salama. Lakini bado mwambie fundi: naendesha Mombasa, joto nyuzi 30 na zaidi, unyevu mwingi. Muulize kama pikipiki yako ina hiyo sensa na kama kisanduku anachoweka hakiingilii. Na aache mafuta kidogo juu kwenye aksileta yote, asiikaze mpaka ukingoni.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika asubuhi. Toa mikoba, toa kamera, toa kila kitu kinachoning'inia. Ufunguo wa tanki uwe nao. Mwambie fundi kila kitu unachokijua, ata kile unachoona aibu kusema, kwamba iliwahi kuanguka, kwamba inakula oili, kwamba ulitia silensa mwenyewe.

Subiri vipimo vya kwanza na uvione. Hapo ndo pa kufanya uamuzi. Kama mchoro umechafuka au uwiano unaruka ruka, mwambie asimame, alipwe kipimo tu, urudi nyumbani ukatengeneze. Wengi wanaona uchungu kurudi mikono mitupu, lakini hapo umelipa nusu saa na umepata jibu la kweli la ugonjwa, na hiyo ni bei nzuri sana. Mimi ningefanya hivyo siku ile ningekuwa nimebaki na pesa yangu.

Kama iko sawa muache afanye kazi. Vaa vitu vya masikio, kelele mle ndani si mchezo. Usisimame nyuma ya pikipiki, tairi ikirusha jiwe au mkanda ukikatika hakuna wa kuuliza, na usimpigishe stori fundi akiwa ameshika aksileta.

Hatua ya 9: Kusoma karatasi

Usiangalie namba ya juu peke yake. Angalia umbo la mistari, hasa wa torki (nguvu ya kuzungusha tairi), uwe umepanda laini bila shimo, manake shimo lile ndo kile kusita unachokihisi ukitoka kwa bampu. Angalia mstari wa uwiano uko wapi kote, si pale juu tu. Nguvu hii ni ya kwenye tairi, kwa kawaida iko chini ya ile ya kwenye vitabu vya kiwanda kwa kama asilimia 10 mpaka 15, kwa hivyo usifikirie umeibiwa.

Alafu tafuta pembeni pameandikwa SAE au STD. Hizo ni njia za kusawazisha hali ya hewa ili vipimo vya mahali tofauti vilinganishwe. STD inatoa namba kubwa kuliko SAE kwa karibu asilimia 4, pikipiki ile ile, siku ile ile. Kwa hivyo kipimo cha kabla na cha baada vyote viwe vya njia moja na mashine moja, siku moja ikiwezekana. Ukipima wakati wa kaskazi, mwezi wa tatu joto limekaza, kisha urudi wakati wa kusi kumepoa, bila kusawazisha utaona nguvu imeongezeka na hakuna aliyegusa kitu.

Hatua ya 10: Ukirudi

Nakili faili ya ramani sehemu mbili, kwa simu na kwa imeli yako, na karatasi ipige picha. Kilomita mia mbili tatu za kwanza endesha kawaida, ukisikiliza. Kama inalipua ukiachia aksileta angalia ekzosi kwanza kabla hujamlaumu fundi. Usiende kuijaribu Dongo Kundu bypass kwa kasi ya daino, vile ilivyovutwa juu ya pipa imefungwa mikanda na barabarani kuna mbuzi, kuna mchanga, kuna mtu anavuka na mtoto.

Jaza tanki mara tatu na uandike kilomita kila mara, ndo utajua ulaji wako mpya. Ikifika kilomita 300 toa plagi ikiwa injini imepoa. Rangi ya kahawia ya maziwa ni sawa, nyeusi ya masizi mafuta yamezidi, nyeupe kabisa kama chokaa simamisha pikipiki hapo hapo na umpigie fundi, usiendeshe ata kuipeleka kwake, ibebwe.